Mji kasoro bahari, mtu kasoro uamuzi

Nilijiandaa kuulizwa nimerudi na nini. Ukikaa Uingereza miaka kumi na tano, watu wana haki ya kuuliza, na jibu nilikuwa nalo tangu uwanja wa ndege: nimerudi na boksi la vifaa, mke, binti mmoja na mgongo unaouma. Hakuna aliyeuliza. Kuanzia mama hadi muuza vocha wa Msamvu, swali likawa moja: “Sasa utakaa Moro au Dar?”

Nilidhani nina jibu la kitaalamu. Mimi ni fundi wa AC na majokofu, na miaka yote hiyo nimeishi Reading huku kazi nyingi nikizifanyia London. Kodi ya London haikamatiki, na treni ya haraka kutoka Reading hadi Paddington haimalizi nusu saa. Reading wenyewe ni mji wenye kinyongo kidogo. Umeomba kupewa hadhi ya jiji mara kadhaa, na kila mara umenyimwa. Nilipenda mahali pale kwa sababu hiyo hiyo, nilijiona niko nyumbani. Morogoro niliiacha manispaa mwaka 2009, nikaikuta manispaa mwaka 2024, na wenyeji bado wanakuhesabia vidole: mbona Tanga jiji, mbona Mbeya jiji?

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi. Moro iwe Reading yangu, Dar iwe London, katikati pawe na treni. Na treni yenyewe, kwa bahati, imekuja. Nilipoondoka, safari ilikuwa basi kutoka Msamvu hadi Ubungo, mwendo wa saa nne, ukikwama Mlandizi au Kimara unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Sasa kuna SGR, reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024. Nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa Sh 13,000, na kabla saa mbili hazijaisha umeshuka Dar shati bado limenyooka.

Wiki ya pili nikafanya jaribio. Nilikuwa na kazi Kariakoo, na shemeji yangu, mume wa dada, ana duka huko huko. Yeye anaishi Bunju, ndani ya Dar es Salaam. Jioni tukaagana, yeye akashika njia ya Bunju, mimi nikaenda stesheni. Niliposhuka Kihonda, stesheni ya Moro, nikampigia.

“Shemeji, umefika?”

“Nipo Mwenge.”

Alisema kwa sauti ya mtu aliyesimama, kwa sababu alikuwa amesimama. Barabara ya Bagamoyo ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya mwendokasi, na foleni ilikuwa haina kichwa wala mkia. Nilicheka mpaka dereva wa bajaji akageuka kunitazama. Usiku huo nikamwambia mke wangu kwamba shauri limekwisha: mtu wa Bunju ndiye anayeishi mbali na Dar, mimi wa Bigwa, huku Moro, naishi jirani.

Dada alipoisikia hadithi hii hakucheka. “Mdogo wangu,” akaniambia, “umeshinda mbio za siku moja. Mteja wa Mikocheni AC ikianza kudondosha maji juu ya kitanda saa mbili usiku, atakuita wewe au atamwita fundi wa mtaa wa pili?”

Mwezi haukupita, likatokea. Mteja mmoja, simtaji, chumba chake cha mitambo ya kompyuta kilipata joto usiku wa Jumamosi. Akanipigia, nikamwambia nitafika na treni ya kwanza. Akashukuru kwa adabu sana, ile adabu ya Kiswahili ambayo ukiisikia ujue kazi imekwenda. London niliposema “kesho asubuhi” watu walikubali, maana hata fundi anayeishi mtaa huo huo angesema hivyo hivyo. Dar fundi anatoka na ndala usiku. Hilo kwenye hesabu yangu halikuwemo.

Halafu kuna jambo la kikazi ambalo watu wa Moro hawapendi nikilisema. Mji wetu hauna joto la kutosha kunilisha. Dar ina joto, tena ina chumvi. Ukienda nyumba za Masaki au Mbezi Beach zinazotazama bahari, ile mashine ya nje inaliwa. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inakaa kwenye mapezi ya kondensa, vile vibati vyembamba vya kutolea joto, na usipoiosha kwa maji matamu mara kwa mara, alumini inakuwa unga. Nimefungua mashine ambazo bado hazijazeeka, mapezi yakabaki mkononi kama jivu. Sisi tunaitwa mji kasoro bahari, na mkate wangu uko kwenye bahari ile tuliyoikosa.

Lakini Dar nayo ina deni kwetu, nami hulisema kila ninapokaa na wakwe zangu Temeke. Sehemu kubwa ya maji wanayokunywa yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu unapata maji yake kwenye milima ya Uluguru, hii ninayoiona nikifungua dirisha. Kabichi na njegere za Mgeta zinashuka huko huko kwenda kwao. Baba mkwe akaniuliza, “Na nyie mnaokaa chini ya milima hiyo, maji mnapata?” Nikanyamaza. Juma hilo bomba la Bigwa lilikuwa halijatoa hata tone kwa siku nne, na mama alikuwa anapanga ndoo za bafuni kama foleni ya hospitali.

Namba ukizitazama, unaweza kudhani ni mambo mawili yasiyolingana kabisa: sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoa wa Dar es Salaam, na Manispaa ya Morogoro zaidi ya 470,000. Mimi tofauti nimeikuta kwenye salamu. Dar naweza kutembea kutwa na boksi langu, mimi ni fundi tu. Moro kutoka Bigwa hadi Soko la Kingalu ni mwendo mfupi, nami husimama mara tisa. Mwalimu wangu wa darasa la nne. Rafiki wa marehemu baba. Mtu ambaye simkumbuki lakini yeye anajua nililia siku gani nikiwa jandoni. Kila mmoja ana jambo dogo: ada ya mjukuu, mchango wa harusi, bati tatu. Hawaombi kwa ubaya. Wanajua ulipotoka na wanajua unapolala.

Na mjomba naye amekuja. Kwetu Waluguru ardhi inapita upande wa mama, na mjomba akikohoa watu hukaa vizuri. Alinipeleka kwenye kiwanja cha ukoo, mlimani kidogo, palipo na migomba na jiwe kubwa nililokuwa nikiteleza juu yake nikiwa mtoto. “Mpwa wangu,” akasema, “hapa ni pako kama unakaa. Kama unapita tu, yupo mwenzio anayepataka.” Hakuniharakisha. Alisema nimjibu kabla ya masika.

Mke wangu anasema mjomba ameuliza swali la ardhi, na yeye anauliza la shule. Binti amezaliwa Reading, Kiswahili chake bado kinachechemea, na Temeke ana mabinamu kumi na mmoja wa kumnyoosha. Hoja yake ina nguvu. Kwa sasa tumefanya kile ambacho watu wasio na uamuzi hufanya: wao wako Temeke siku za shule, Ijumaa wanapanda treni kuja Moro, tiketi zikiwepo. Mimi Jumatatu hadi Alhamisi nalala huko nao, vifaa vizito nimeviacha kwa shemeji Kariakoo.

Alhamisi iliyopita nilirudi na kipande cha kondensa cha Masaki kwenye begi, nilitaka kumwonyesha kijana ninayemfundisha kazi. Mama akakikuta mezani, akakigusa kwa kidole, kikamomonyoka.

“Nini hiki?”

“Chumvi ya bahari, mama. Imekula chuma.”

Akaupangusa mkono kwenye kanga, akatazama ule unga mezani.

“Ndiyo bahari hiyo tunayoambiwa tumeikosa?” Kisha akachukua ufagio. “Jumatatu unakwenda tena?”

“Nakwenda.”

“Basi mjomba wako kesho anakuja. Na maji yametoka, kajaze ndoo kabla hayajakatika.”