Mradi wa taiming cheni: nimefungua, nimefunga, nimefungua tena

Jumamosi

Injini ni ya lita 1.5, silinda nne, kamshafti mbili juu (kamu, zile shafti zinazofungua valvu, yaani vilango vya hewa), na krenki, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, inazizungusha kwa cheni sio belti. Kwa wiki tatu hivi kila asubuhi nikiwasha inalia kraaaa sekunde mbili tatu alafu inanyamaza kama sio yenyewe. Nikajifanya sijasikia. Juzi taa ya injini ikawaka, nikachomeka kile kimashine cha kusomea kodi za hitilafu ikaja P0016, yaani sensa ya krenki na sensa ya kamu hazikubaliani, kila moja inasema lake. Hapo sasa hata kujifanya kiziwi haisaidii.

Ile kelele ya asubuhi inaeleweka ukishajua tenshena, kile kikaza cheni, inafanyaje kazi. Inasukumwa na presha ya oili, gari likilala oili inashuka chini, kwaiyo ukiwasha cheni inakuwa imelegea inajipigapiga mpaka presha ipande. Cheni ambayo bado ni nzima haina shida, inavumilia hizo sekunde. Yangu imeshakuwa ndefu, na sio kwamba chuma kimevutika kama lastiki, ni zile pini za kwenye viungo zimelika kila moja kidogo sana, sa zidisha hicho kidogo mara viungo mia na kitu uone. Wa kulaumiwa ni mimi, kubadilisha oili nilikuwa naahirisha tu, wiki ijayo, wiki ijayo.

Na hii injini pistoni na valvu zinagombea nafasi moja, huyu anaingia mwenzie akishatoka. Cheni ikiruka meno ya kutosha zinagongana na valvu zinapinda. Ndo maana sikutaka hata kulizungusha tena, nikalisukuma mpaka ndani na mdogo wangu.

Jumapili

Siku nzima kufungua. Plagi zote nje ili krenki izunguke kirahisi kwa mkono, fani belti, kava ya valvu, wota pampu, jeki chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kipande cha ubao katikati, alafu mauntingi, kile kinachoshikilia injini, ya upande wa cheni ikatoka. Bolti ya puli ya krenki ndo iliyotula muda. Kuna ule ujanja wa kuegesha mpini wa spana chini alafu unagusa stata kidogo, mi siufanyi, meno yangu bado nayahitaji. Nikatumia chuma cha kushikia puli na bomba refu kwenye mpini, ikalia kaaa ikaachia.

Bolti za kava ya cheni zina urefu tofauti tofauti, kwaiyo nilichora umbo la kava kwenye boksi nikachomeka kila bolti pale ilipotoka. Kazi ya dakika tano ila imeniokoa kweli.

Ndani sasa. Zile reli za plastiki zinazoongoza cheni, ambazo fundi yeyote atakwambia zinaitwa gaidi (na hizi zangu zilikuwa magaidi haswa), zimechimbwa mifereji miwili. Kitabu cha injini kinaruhusu milimita 1, huku imepita. Moja imemeguka pembeni na kipande hakipo. Kipande hakipotei ndani ya injini, kipo mahali, nikashusha sampu nikakikuta kimekaa kwenye chujio la pampu ya oili na vumbi la plastiki kibao. Kingeziba pale hizo presha zote ningezisikia kwenye bomba.

Jumatatu usiku

Cheni mpya, tenshena mpya, gaidi zote mbili mpya. Gia za krenki na za kamu nazo niliziangalia kwa tochi, meno hayajachongoka, nikaziacha.

Kuweka alama: pistoni ya silinda namba moja juu kabisa, kidoti cha kila gia ya kamu mahali pake, na cheni ina viungo vitatu vya rangi, viwili vinakaa kwenye kamu kimoja kwenye krenki. Tenshena inakuja imebanwa na pini, unafunga, unachomoa pini, inasukuma gaidi tap. Safi.

Alafu ikaja ile nusu saa ya jasho. Nikazungusha krenki mara mbili kwa mkono kuhakikisha, nikarudi juu kuangalia, viungo vya rangi havipo! Vimehama kabisa viko katikati ya hewa. Moyo ukaenda chini. Nikafungua nikapanga upya, nikazungusha, vile vile. Nimekaa kwenye ndoo nikaanza kuhesabu: gia ya krenki meno 18, za kamu 36, ndo maana krenki ikizunguka mara mbili kamu inazunguka mara moja. Cheni ina viungo 122. Mizunguko miwili ya krenki inasogeza viungo 36 tu, kwaiyo kile cha rangi lazima kiwe kimeenda zake, na ili vyote virudi pale vilipoanza inabidi krenki izunguke mara 122. Rangi ni ya siku ya kufunga tu, baada ya hapo unaangalia vidoti vya gia. Vidoti vilikuwa sawa tangu mwanzo. Nilifungua bure.

Jumanne

Kava nikaisafisha mpaka ikang'aa, silikoni nikaipaka mstari mwembamba, nikabandika, bolti zote na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa mpangilio wa kitabu. Nikanyoosha mgongo. Dogo akaja na kitu mkononi.

"Kaka, hii pete ya mpira inakaa wapi?"

Oringi. Ya tundu la oili kati ya bloku na kava. Sikumjibu. Nikafungua bolti zote tena, nikakwangua silikoni ambayo bado mbichi (hii ni kazi mbaya kuliko zote, inaingia mpaka kwenye kucha), nikaweka oringi, nikapaka upya. Dogo tangu hapo anatembea kama yeye ndo fundi mkuu.

Jumatano

Silikoni imelala usiku mzima ndo nikamwaga oili mpya na filta mpya. Kabla ya kuwasha nilichomoa umeme wa koili na wa nozeli ili isiwake, nikapiga stata mara tatu nne kwa vipindi, presha ipande kwanza. Nikarudisha huo umeme, nikawasha.

Kraa fupi, chini ya sekunde, alafu kimya. Kimya kile cha kusikia feni. Nikafuta kodi, nikaliacha lichemke, nikazunguka nalo kama nusu saa, P0016 haijarudi.

Alhamisi asubuhi

Limelala usiku, nimewasha, hakuna kelele kabisa. Ila kona ya chini ya kava, pale bloku na sampu zinapokutana, kuna unyevu. Sijui ni oili mpya au ni ile niliyoimwagia mwenyewe nikiwa na haraka. Nimepafuta, nimeweka kipande cha boksi chini, kesho naangalia.