Ikumbuke Njia Yote

Wapendwa katika Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 8:2-4. Musa anasema na kizazi kilichokulia jangwani, Yordani iko mbele yao, na anawaagiza waikumbuke njia yote ambayo Bwana amewaongoza kwa miaka arobaini. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi tunalipita haraka tunaposoma: mavazi yao hayakuchakaa, wala miguu yao haikuvimba. Walioagizwa kukumbuka ni watu waliotembea.

Imani yetu inasimama juu ya kukumbuka. Meza ya Bwana tunaishiriki kwa ukumbusho wake. Zaburi ya 103 inaiamuru nafsi isizisahau fadhili zake. Atatoa ushuhuda gani mtu asiyekumbuka alikotolewa? Na kumbukumbu hiyo Mungu ameiweka ndani ya mwili. Kila upande wa kichwa, kwa ndani, usawa wa sikio, ipo sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi. Hiyo ndiyo inayopokea mambo mapya ili yahifadhiwe: jina la mgeni, mahali ulipoacha funguo, mahubiri ya Jumapili iliyopita. Umri unavyosogea, sehemu hii husinyaa.

Mwaka 2011 mtafiti Kirk Erickson na wenzake huko Marekani walitangaza matokeo ya kazi waliyofanya na watu 120 wa miaka 55 hadi 80, ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Kundi moja lilitembea kwa mwendo wa kuchangamka mara tatu kwa wiki, likianza na dakika 10 na kupanda hadi 40. Kundi la pili lilifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi za waliotembea zilikuwa zimekua kwa kama asilimia 2, na za wenzao zimepungua kwa zaidi ya asilimia 1. Angalieni, wapendwa, ni kutembea tu. Hapakuwa na vyuma vya kunyanyua wala mbio za kukata pumzi.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote. Moyo ukidunda vizuri, damu inaufikia vizuri, na mwili hutengeneza kwa wingi protini inayozisaidia chembe za ubongo kuishi na kuungana. Zaidi ya hayo, mazoezi ya kila wiki hushusha presha na sukari. Presha isiyotibiwa huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya, miaka mingi kabla mtu hajaanza kupotea njia ya kwake. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa tangu ujanani hadi uzeeni, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau duniani. Kutofanya mazoezi ni mojawapo. Upweke nao umo, na hilo kanisa linapaswa kulisikia.

Bado nasikia watu wakisema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Hapa kwetu Kilimanjaro, wilaya ya Hai, watafiti walipita vijijini wakawapima wazee wapatao 1,200 wenye miaka 70 na kuendelea, na katika taarifa yao ya mwaka 2013 wakaeleza kwamba takribani 6 kati ya kila 100 wanao. Hawa ni wazee wa vijijini, watu wa jembe na milima. Kwa hiyo mazoezi hupunguza hatari, hayaiondoi, na asiwepo mtu wa kumtazama mzee anayesahau akasema alikuwa mvivu, au ametenda dhambi, au amerogwa. Ni mgonjwa. Apelekwe hospitali na apendwe.

Linaloniumiza zaidi ni hili tunalolifanya kwa nia njema kabisa. Yupo mama mmoja katika usharika wetu, ana miaka themanini na kitu. Asubuhi utamkuta anapandisha mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, fimbo mkononi. Penye mwinuko mkali anasimama, anavuta pumzi, anakuuliza habari za watoto wako mmoja mmoja kwa majina, na yule aliyekuwa na mtihani anataka kujua amefaulu au la. Kisha anaendelea. Sasa wanawe walioko mjini wanataka akae. Wamemwekea kijana wa kukata majani na bodaboda wa kumpeleka kanisani. Nawaelewa, maana kwetu kumpumzisha mzazi ni heshima. Lakini heshima ya kumketisha mzee barazani kutwa nzima, bila kazi, bila pa kwenda, bila wa kuongea naye, inamwibia. Mzigo mzito ondoeni, ndiyo. Njia mwachieni. Na kama njia imekuwa na utelezi, mtafutieni mjukuu wa kumshika mkono.

Tena tusiwaangalie wazee tu. Ubongo wa miaka themanini unaandaliwa mtu akiwa na arobaini, na wengi wa umri huo tunatoka kitini kwenda kwenye gari na kutoka kwenye gari kwenda kitini. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Katika Matendo 20:13 wenzake Paulo walipanda merikebu kwenda Aso, yeye akaagiza wamchukulie huko, akaenda kwa miguu, mwendo wa kama kilomita 30. Luka hasemi kwa nini. Mimi naamini alikuwa na mengi ya kumwambia Mungu njiani.

Kwa wale ambao mama au baba amekwisha kuwasahau, someni Isaya 49:15. Bwana anakiri pale kwamba mama anaweza kumsahau mtoto aliyemnyonyesha. Kisha anaahidi kwamba yeye hatasahau. Mnaoulizwa kila asubuhi "Wewe ni nani?" na mtu aliyewazaa, neno hilo liliandikwa kwa ajili yenu pia. Mwimbieni nyimbo za tenzi alizozijua tangu utotoni. Mara nyingi hizo hubaki hata majina yakishapotea.

Jumatano hii, wa jumuiya za karibu tuje kwa miguu. Kila kijana apitie kwa mzee mmoja waje pamoja, kwa mwendo wa mzee. Mwenye shida ya moyo, magoti au presha iliyopanda amwone daktari kwanza.

Tuombe. Bwana, umetupa miguu na umetupa akili, na vyote ni mali yako. Utuamshe tunaokaa mno. Uwape nguvu wanaowauguza wazazi wao usiku na mchana, na utuonyeshe ni nani kati yao wa kumpokea zamu wiki hii. Kwa jina la Yesu, amina.