Ratiba ya asubuhi kwa mtu anayewahi daladala

Zile video za YouTube za watu wanaamka saa kumi na moja alfajiri, wanaoga maji ya barafu, wanaandika shajara, wanatafakari nusu saa halafu wanaenda kukimbia, mi nazipenda sana kuziangalia ila siziigi. Saa kumi na moja alfajiri kwa mtu wa Gongo la Mboto huku Dar anayefanya kazi Posta, mjini kati, wala sio nidhamu, ni kawaida tu, saa hiyo kituoni watu wameshajaa na konda anagonga bodi. Sasa ukiniambia niamke mapema zaidi ya hapo ili nipate muda wa kutafakari maana yake niamke saa tisa, na nitalala saa ngapi?

Na hapo ndo penye ishu yote kwa maoni yangu. Mtu mzima anatakiwa alale masaa 7 au zaidi, madaktari ndo wanasema hivo, kwahiyo kama unaamka saa kumi na nusu hesabu ni nyepesi tu, saa tatu na nusu usiku uwe umeshalala, sio upo kitandani na simu mkononi. Ila cheki usiku wetu ulivyo. Tamthilia ndo kwanza imeanza, grupu la WhatsApp la ukoo linachangamka saa nne, na hizi mechi za Ulaya kipindi cha baridi kwao zinaanza saa tano usiku kwetu, mpaka iishe ni saa saba kasoro. Nikamwambia baba watoto jamani hii mipira itatuua, akanijibu "mama Sabri, hapo usiniguse". Sawa. Tukakubaliana aangalie sebuleni sauti chini, chumbani taa inazimwa saa tatu na nusu, na kwa kweli hayo makubaliano yamenisaidia kuliko programu yoyote ya kwenye simu.

Kingine ni chai ya jioni. Kafeini, ile ya kwenye chai na kahawa inayofukuza usingizi, haitoki mwilini haraka hivo, kwa watu wengi inachukua kama masaa matano ndo nusu yake iishe, kwahiyo kahawa uliyokunywa saa kumi na mbili jioni pale kijiweni, saa tano usiku nusu yake bado unayo. Mi sa hivi jioni nakunywa ya mchaichai tupu, bila majani.

Nguo napasi usiku, za kwangu na za shule. Ndoo zinajazwa usiku. Kiporo kinawekwa pembeni kabisa kabla hakijaliwa na mtu, wali maharage wa kupasha asubuhi haujawahi kuniangusha.

Sasa asubuhi yenyewe. Nilichofanya ni kwamba sikuongeza muda, nimepachika vitu kwenye vile ambavyo havikosekani. Adhana ipo, swala ipo, kubandika chai lazima. Basi kitu kipya kinakaa mgongoni mwa cha zamani kama mtoto kwenye kanga. Nikishabandika chai nakunywa glasi ya maji na kunyoosha mgongo pale pale jikoni mpaka ichemke, ikichemka nimemaliza, hakuna cha kuangalia saa wala nini. Simu siigusi mpaka nimeshavaa. Basi, ndo hivo tu, na najua kuna watu wataona ni kidogo mno.

Ila kidogo ndo kinachodumu. Kuna utafiti wa 2009 wa Phillippa Lally na wenzake pale University College London, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 kila mtu na kitabia chake kipya, wakakuta wastani ni siku 66 mpaka kitu kikawa kinakuja chenyewe, lakini wengine ilikuwa siku 18 na wengine makadirio yalifika 254! Na vitu vyepesi kama kunywa maji vilizoeleka haraka kuliko mazoezi. Ile habari ya siku 21 tunayosambaziana kila Januari ilianzia kwa daktari wa upasuaji Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya, watu wakalidondosha lile neno "angalau" njiani. Kilichonifurahisha zaidi kwa huyo mama wa London ni kwamba ukikosa siku moja hakiharibiki kitu, kwahiyo mtoto akiumwa usiku au mgeni akija, kesho yake naendelea tu bila stresi.

Na mwanga jamani. Mwanga wa asubuhi ndo unaoiambia saa ya mwili kwamba kumekucha, na sisi huku Dar tumebahatika, jua mwaka mzima linatoka kati ya saa kumi na mbili kasoro na saa kumi na mbili na nusu na kitu, mtu wa London Disemba anasubiri mpaka saa mbili ipite. Mama yangu kule Muheza kila siku anafagia uwanja kunapokucha, yaani mazoezi na mwanga kavipata kwa pamoja na hajawahi kuangalia video ya mtu. Mi uwanja sina, nina korido ya wapangaji, nagombania dirisha la daladala (nikipata siti, maana mara nyingi nimening'inia).

Ramadhani hii ratiba yote inavunjika, daku saa kumi, usingizi unagawanyika vipande viwili, na wala siilazimishi. Baada ya Idd naanza na glasi ya maji, mengine yanafuata. Jumapili nachelewa kuamka kidogo ila sivuki lisaa limoja, nikivuka Jumatatu naijua.

Kukimbia bado sijaweka na mwaka huu sina mpango. Nashuka Mnazi Mmoja natembea mpaka Posta, na mvua ikinyesha sishuki.