Siku moja maishani mwangu: gitaa la mninga na ukucha uliovunjika

Saa 11:30 alfajiri. Nikishasali, na kabla hata ya chai, hulifungua kasha la gitaa na kupitisha kiganja juu ya ubao wake wa mbele. Ni Aprili, masika yameshika, na katika Unguja ya masika kila mbao hunywa unyevu wa hewani: milango hugoma kufunga, droo hukwama, na ubao wa gitaa, ambao unene wake haufiki milimita 3, huvimba na kuziinua nyuzi juu ya shingo. Kwa kiganja naweza kuujua uvimbe huo mapema kuliko kwa macho. Leo upo, lakini si mkubwa. Ndani ya kasha huweka kifuko cha kitambaa chenye mkaa uliokaushwa juani, ambao hufyonza sehemu ya unyevu huo, na kifuko nacho kimekuwa kizito kidogo.

Gitaa hili limetengenezwa kwa mkono na ami yangu, fundi wa milango, ambaye alikuwa ameshatengeneza udi, ala ya nyuzi ya taarabu, kabla sijamsumbua kwa ombi langu. Mgongo na mbavu zake ni za mninga. Ubao wa vidole ni wa mpingo, mti uleule wa kusini mwa Tanzania ambao Wazungu huutumia kutengenezea klarineti. Ubao wa mbele peke yake ndio uliotoka mbali, kwenye mti wa jamii ya misonobari unaomea nchi za baridi, kwani ubao huo unatakiwa uwe mwepesi na mgumu kwa pamoja, wenye nyuzinyuzi zilizonyooka kama zilizochorwa kwa rula. Urefu wa uzi, kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, kibao kinachofungiwa nyuzi juu ya ubao wa mbele, ni milimita 650, kipimo kilichoenezwa na fundi wa Kihispania Antonio de Torres (1817–1892), ambaye naye alianza maisha kwa useremala. Ami alipoisikia habari hiyo alisema tu, "Basi tutaelewana naye."

Saa 2 asubuhi hadi saa 4. Nafundisha watoto watano nyumbani, kwa magitaa ya kiwandani ambayo hayajali masika wala kiangazi. Hapa sina la kusimulia, isipokuwa kwamba mmoja wao anataka kila wimbo uende mbio, na mimi kila siku namwambia kuwa kwenda mbio ndiyo njia rahisi ya kuficha kosa.

Saa 4:20. Balaa. Nikifunga mlango wa uani, komeo limeukamata ukucha wa kidole cha pete cha mkono wa kulia na kuukata nusu. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kuchukua msasa na kusahau, lakini mpigaji wa gitaa la nyuzi za nailoni huzifuga kucha za mkono anaopigia nyuzi kama mtu anavyofuga njiwa, na kidole hicho ndicho kinachobeba sauti ya juu katika kipande nitakachokipiga usiku. Nilijaribu kubandika kipande cha mpira wa tenisi ya mezani kwa gundi kali, mbinu inayojulikana sana miongoni mwetu, ila kwa joto la leo gundi ilishika upande mmoja tu na uzi ukawa unatoa mlio wa kwaruzo.

Saa 5 hadi saa 7 mchana. Mazoezi. Kipande chenyewe ni "Lágrima", yaani chozi, cha Francisco Tárrega, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1852 na kufariki mwaka 1909. Kina hatua (vipimo vya mapigo) 16 tu, na hata ukizirudia zote kama zilivyoandikwa, dakika mbili na ushei zinatosha. Wanafunzi hukijifunza mapema na kudhani wamekimaliza. Mwanzo wake ni sauti mbili zinazopanda ngazi kwa pamoja: ya juu kwenye uzi wa kwanza, freti (vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) ya nne, ya tano, kisha ya saba, ya chini kwenye uzi wa nne, freti ya pili, ya nne na ya sita. Katikati yao uzi wa pili unalia wazi, bila kushikwa, kila mara noti ileile, kama mtu anayeitikia "naam" huku mwenzake akizungumza.

Ugumu wake ni kwamba sauti ya gitaa huanza kufa palepale inapozaliwa. Mpiga fidla huivuta noti kwa upinde na mpiga zumari huivuta kwa pumzi, ilhali mimi nikishaachia uzi sina tena ninachoweza kuuongezea. Kilichobaki mkononi mwangu ni kidole cha kushoto, ambacho nikikitikisa taratibu juu ya freti noti hutetemeka na kuonekana kama inaendelea kuishi. Kwa hiyo noti inayofuata lazima izaliwe kwa sauti inayolingana na ile iliyopungua, wala si na ile ya mwanzo wake, la sivyo mstari hukatika vipande vipande. Kuna tatizo la uzi wa nne pia. Uzi huo umezungushiwa waya mwembamba, na kidole kikiteleza juu yake kutoka freti hadi freti hulia mithili ya panya. Dawa yake ni kukinyanyua kidole wima kabla ya kukihamisha, jambo ambalo kwa mwendo wa haraka halimshughulishi mtu, lakini kwa mwendo huu wa taratibu kila anayesikiliza atausikia mlio huo.

Ama kuhusu ukucha, nilikumbuka kwamba Tárrega mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, alizikata kucha zake na kupiga kwa nyama ya vidole. Nilichukua msasa, nikang'oa ule mpira, nikausawazisha ukucha hadi ukalingana na nyama. Sauti ilipungua ukali, ikawa nene na yenye giza kidogo. Niliona ajabu kwamba mninga uliipenda.

Saa 8:30 mchana. Daladala hadi Mwanakwerekwe kwa ami, kasha nimelipakata kama mtoto mchanga, na abiria wa pembeni akiniuliza kama ni udi. Nilimjibu kuwa ni gitaa, akaonekana kusikitika.

"Hodi! Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Limevimba?"

Hakungoja jibu. Alifumba jicho moja, akatazama shingo kwa urefu wake namna anavyotazama mbao kabla ya kupiga randa, kisha akafungua kikopo cha maziwa chenye mifupa miwili. Kwenye daraja la gitaa hukaa kipande chembamba cha mfupa kinachobeba nyuzi zote sita, na ami amenichongea viwili kutokana na mfupa wa ng'ombe: kimoja kirefu kwa miezi ya kaskazi, wakati hewa ni kavu zaidi na ubao hushuka, na kingine kifupi kwa masika. Alilegeza nyuzi, akatoa kimoja, akatia kingine, akakipapasa kwa ukucha wa kidole gumba. Tofauti baina yao haifiki milimita moja, lakini vidole vyangu vya kushoto vilishusha pumzi.

Saa 11 jioni. Shangani, katika ukumbi wa ghorofani wa nyumba kuukuu. Hapa nilikuwa na ubishi mdogo na msimamizi, ambaye alikuwa amewasha kiyoyozi tangu mchana kwa nia njema. Gitaa lililotoka kwenye unyevu wa masika likiingizwa ghafla katika hewa kavu ya baridi, nyuzi hupoteza ulinganifu wake kila dakika, na mbao zikizoea kupigwa hivyo hupasuka. Tuliafikiana kizimwe na madirisha yafunguliwe. Baada ya swala ya Isha nilirudi kulinganisha nyuzi upya, nikaliacha gitaa wazi nusu saa lizoee hewa ya chumba.

Saa 2:40 usiku. Watu kama 40, wengi wao wapenzi wa taarabu, na kwa hilo nilishukuru. Msikilizaji aliyelelewa na taksimu, yaani upigaji wa peke yake wa papo kwa papo, ya udi au ya kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayopakatwa, anajua kusubiri. Hakuna haja ya kumweleza kwa nini mpigaji amenyamaza. Nilipiga sehemu ya kwanza kwa nyama ya kidole, karibu na tundu la gitaa ambako sauti ni laini zaidi, na uzi wa nne haukulia. Ilipofika sehemu ya pili, ambako kipande kinaacha furaha yake na kuingia huzunini, bibi mmoja wa safu ya mbele aliinuka, buibui likichakarisha, akaja moja kwa moja akaniwekea noti ya shilingi 10,000 juu ya goti.

Alikuwa ananitunza, kama anavyotunzwa mwimbaji. Katika kumbi za Ulaya pengine wangemzuia mlangoni. Nilishikilia noti ya juu ya kipande kwa kidole cha kushoto, nikaitikisa mpaka ikaisha kabisa, nikamngoja akae. Ukimya ule haukuandikwa na Tárrega, na sikumbuki kama nimewahi kupiga mwingine mrefu kiasi hicho. Kisha nikarudi mwanzo kwa mara ya mwisho.

Saa 5 usiku. Simu ya ami.

"Mfupa umekaa?"

"Umekaa, ami."

"Uzi wa sita haupigi kelele kwenye freti?"

"Haupigi."

"Basi lala." Akakata.

Nimeweka kifuko kipya cha mkaa ndani ya kasha. Kucha hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo hadi masika yaishe nitapiga kwa nyama.