Namba zimebaki

Jamani, leo nimetokwa machozi mbele ya mama.

Miezi mitatu sasa najifunza kutengeneza programu za simu kwa zana iitwayo Flutter, usiku, bando likiruhusu. Mama ni mweka hazina wa kikoba chao, na daftari lake limeshaloa maji mara mbili. Nikaanza na hilo: majina, michango, jumla.

Wiki nzima nilikwama. Ukifunga programu, michango yote inapotea! Jana usiku ndipo nikaielewa SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe, hata bila intaneti.

Asubuhi nikachukua simu ya mama, nikaingia kwenye mipangilio, nikabonyeza namba ya muundo (Build number) mara 7 (Android ndivyo inavyotaka ili ifungue mipangilio ya watengenezaji programu), nikachomeka waya wa kompyuta, nikaiweka programu yangu.

Akaandika mchango wa kwanza kwa kidole kimoja: 5,000.
Akafunga.
Akafungua tena.

Ipo.

Hakusema kitu. Alivaa miwani, akaisoma tena taratibu, kisha akaenda kuleta daftari aanze kuhamisha.

Wenzangu mnaojifunza, programu yenu ya kwanza mlimtengenezea nani? Niambieni, nasoma zote leo.