Laptopu inaganda: tazama C5 na C7 kabla ya kugusa chochote

Laptopu ilikuwa inaganda nusu dakika, wakati mwingine dakika nzima. Kishale kinatembea, lakini ukibofya hakuna kinachofunguka. Kisha inaachia ghafla. Kwenye Task Manager ya Windows diski ilisimama asilimia 100 huku kasi ya kusoma ikiwa karibu sifuri. Hapo niliacha kuwazia virusi. Diski yenye kazi nyingi kwa kawaida husoma megabaiti nyingi. Hii ilikuwa inarudia sehemu moja isiyosomeka, na mashine yote ikaingojea.

Nilifungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, nikatazama mistari minne ya hesabu za hitilafu: 05, C5, C6 na C7. Angalia vizuri hapa, kwani programu hii huandika thamani ghafi kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) usipoibadilisha. Ile 30 niliyoiona kwenye C5 ni sekta 48. C5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizogoma kusomeka na bado zinasubiri. C6 ni zile zilizoshindikana kusomeka diski ilipojikagua yenyewe. 05 ni zile ambazo diski imeshazibadilisha kwa akiba yake. C7 ni habari nyingine kabisa: huhesabu data zinazoharibika njiani, kati ya diski na ubao mama. Ikipanda huku 05 na C5 ni sifuri, usikimbilie kununua diski. Chomoa waya wa diski, uchomeke upya, au uubadilishe. Hesabu ya C7 haitashuka hata ukishatengeneza. Kinachotakiwa ni isiendelee kupanda.

Yangu ilikuwa na C5 hiyo ya 48 na C7 sifuri, kwa hiyo diski ndiyo mbovu.

Tafadhali usianze na chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Amri hiyo husoma diski nzima na kuandika marekebisho ndani yake, na diski inayokufa inaweza kumalizikia hapo hapo, na faili zako zikiwa bado ndani. Okoa data kwanza. Niliwasha laptopu kwa flashi yenye Linux, nikachomeka kwa USB SSD mpya yenye nafasi isiyo ndogo kuliko ya diski ya zamani, nikahakiki majina ya diski kwa lsblk, amri inayoziorodhesha. Kwangu sda ilikuwa diski ya zamani na sdb SSD mpya; ukizigeuza utafuta kila kitu, kwa hiyo linganisha ukubwa na modeli mara mbili. Kisha nikanakili kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kutoka diski mbovu:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.map
ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb ramani.map

Ya kwanza huchukua yanayosomeka kwa urahisi, ya pili hurudia sehemu ngumu mara tatu. Faili ya ramani niliihifadhi kwenye flashi nyingine: umeme ukikatika, kazi inaendelea ilipoishia.

Chkdsk /f, inayorekebisha mpangilio wa faili bila kusoma diski nzima, niliiendesha baadaye, kwenye nakala.

Wakati wa kufunga SSD, zima kabisa na uchomoe betri. Diski ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 9.5, SSD ni 7, kwa hiyo nilibandika fremu ya plastiki ya kujazia nafasi. Bila hiyo SSD inachezacheza, kiunganishi kinalegea, na C7 inaanza kupanda kwenye diski ambayo ni nzima.