Kumbukumbu ya mradi: uzao wa Braque du Bourbonnais, mkia mfupi kwa mkia mrefu

Kuchagua dume

Braque du Bourbonnais ni mbwa wa kuwinda ndege kutoka Ufaransa. Jike wetu ana mkia mfupi wa kuzaliwa nao. Dume tuliyemchagua ana mkia mrefu, na tumemchagua hasa kwa ajili ya mkia huo. Wapo watakaoguna, maana kwa wengi Bourbonnais ni mbwa asiye na mkia. Lakini kiwango namba 179 cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kinakubali mikia yote miwili, na historia ya mbwa hawa inatosha kuwa onyo.

Klabu ya kwanza iliundwa mwaka 1925. Wafugaji waking'ang'ania mkia mfupi na rangi ya zambarau iliyochujuka, huku uwezo wa kunusa kwale na kusimama tuli ili kumwonyesha mwindaji alipo ndege ukiwekwa kando. Wawindaji wakahamia kwa mbwa wengine. Kati ya 1963 na 1973 hakuna hata mtoto mmoja aliyeandikishwa LOF, yaani kitabu cha ukoo cha Ufaransa. Michel Comte na wenzake walianza upya kwa kukusanya mbwa chotara waliobakiwa na sura ya Bourbonnais.

Mkia mfupi unatokana na badiliko moja katika jeni T, liitwalo C189G. Nakala moja hufupisha mkia. Nakala mbili huua kijusi mapema tumboni. Ukipandisha mfupi kwa mfupi, wastani wa robo ya vijusi hupotea, na kati ya watakaozaliwa theluthi moja bado watakuwa na mikia mirefu. Mfupi kwa mrefu hutoa nusu kwa nusu bila hasara hiyo. Kwa mbwa adimu kiasi hiki, kupoteza robo kwa ajili ya urembo ni ubadhirifu.

Tahadhari: usiamini macho. Ufaransa inaruhusu kukata mikia, kwa hiyo dume mwenye kishina huenda alizaliwa na mkia mrefu, au ule aliozaliwa nao ukapunguzwa tu. Mkia uliokatwa huwa butu na una kovu nchani. Wa kuzaliwa nao mara nyingi huchongoka, na pingili ya mwisho huweza kuwa imepinda. Kipimo cha vinasaba ndicho kinachomaliza ubishi. Sugua kijiti cha pamba ndani ya shavu, kikaushe hewani, kisha kitie kwenye bahasha ya karatasi. Ukikifunga kwenye plastiki kikiwa na unyevu, kitaota ukungu. Mtoto anayenyonya atengwe na mama kwanza kwa saa moja au mbili, la sivyo maabara itasoma seli za mama.

Joto na mimba

Kuhesabu siku tangu damu ya kwanza hupotosha, majike hawafanani. Tunapima projesteroni, homoni ya uzazi, katika damu kila baada ya siku mbili. Ikifika karibu nanogramu 5 kwa mililita, yai linatoka, lakini linahitaji kama siku mbili kukomaa. Hapo ndipo tunapandisha. Uzazi hutarajiwa siku ya 63 tangu yai kutoka, ikipungua au kuzidi kwa siku moja. Eksirei hupigwa baada ya siku ya 55, mifupa ikishaonekana vizuri, ili tujue ni watoto wangapi wa kusubiri.

Boksi

Wamezaliwa saba: wanne mkia mfupi, watatu mrefu. Mmoja ana kishina cha sentimita 3 kilichopinda kushoto, kigumu ukikipapasa, wala hakimuumi. Kwa wenye mkia mfupi tunakagua mambo mawili mara moja: tundu la haja kubwa liko wazi, na miguu ya nyuma inasukuma kwa nguvu sawa.

Wote wanaonekana karibu weupe. Hiyo ni kawaida. Vidoadoa vya kahawia hujitokeza baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo anayekuja kuchagua rangi sasa anapoteza muda.

Joto pale wanapolala ni nyuzi 30. Uzito tunaupima asubuhi na jioni kwa mizani ya jikoni. Siku ya kwanza kupungua kidogo si neno. Kufikia siku ya kumi uzito uwe umekaribia mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Asiyeongezeka, mguse mdomo kwanza. Ukiwa wa baridi, mpashe joto polepole kabla ya kumpa maziwa, kwani tumbo la mtoto aliyepoa halisagi kitu: maziwa hulala humo yakachacha, au yakaingia mapafuni.

Kinachofuata

Kuandikisha uzao LOF kwa majina yanayoanza na herufi ya mwaka (2025 ni A), kuwatia chipu, na kutomtoa yeyote kabla ya wiki nane. Jaribio la TAN, yaani la vipaji vya asili vya mbwa, linaruhusiwa kuanzia miezi sita hadi 36: hamu ya kuwinda, kusimama mbele ya ndege, utulivu mlio wa bunduki unaposikika. Watatu wenye mikia mirefu wataingia pamoja na wenzao, na atakayesimama vizuri zaidi ndiye atakayebaki kuzalisha.